Hatua Kumi na Nne Kutoka Kisimani

Kamba wameifunga leo asubuhi, kamba ya mkonge, kutoka mgunga wa kwanza mpaka wa pili pale njia ya kisimani. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kibwana, akamwambia mke wa Yohana, wale wageni, kwamba kuanzia leo maji yake akachote mtoni. Mimi nilikuwa nyuma ya banda la mbuzi nakaza mpini wa jembe, nikaona yote. Yule mama alikuwa na ndoo kichwani na mtoto mgongoni, kale kachanga, hata miezi mitatu hakajafikisha. Aligeuka tu na ndoo yake tupu, akashika njia ya mtoni. Na mtoni unakujua, Mama, ni mbali, tena siku hizi nyati wanateremka kutoka mbugani upande wa Mikumi kuja kunywa pale.

Niliendelea kukaza mpini ambao ulikuwa umeshakaza.

Ni mimi, Mama. Rajabu, mume wa Zuhura. Najitaja kwa sababu sauti yangu huijui vizuri. Miaka mitatu nimekaa uwanjani kwako na sijawahi kukuita Mama mbele ya uso wako. Nilikuwa nakuamkia kutoka nyuma ya ukuta wa mabua, shikamoo, na wewe unaitikia marahaba huku umegeukia upande mwingine, basi, imeisha hiyo mpaka kesho. Ukitaka kuniambia jambo unamwambia Zuhura. "Mwambie mwenzio mbuzi amekata kamba." Na mimi nipo hapohapo, nimesikia yote, lakini nasubiri Zuhura azunguke ukuta aje aniambie, ndiyo niende kumkamata mbuzi. Mara nyingine mbuzi alikuwa ameshamaliza mchicha.

Nakuandikia nimekaa kwenye lile jiwe langu nyuma ya ukuta. Mwandiko utanisamehe. Shule niliishia darasa la pili, Kilosa, kule kwenye kambi za mkonge ambako baba alikuwa anakata. Kusoma kwenyewe nimejifunza hapa kwenye jiwe, bila mtu kujua, wewe ukiwafundisha kusoma kina mama wa kikundi cha redio upande wa pili. Unasema ba, be, bi, wao wanaitikia, na mimi naandika mchangani kwa kijiti halafu nafuta kwa mguu. Siku Zuhura alipoona nimeandika jina la mtoto wetu kwenye mfuko wa mbegu alidhani nimemwomba mtu aniandikie.

Leo ni Jumanne. Kipindi cha afya ni saa kumi na nusu, kama zamani. Watu watakusanyika uwanjani kwako, na redio ikishamaliza Balozi anataka kikundi kikubaliane kwamba Yohana na watu wake wahamishiwe kule mwisho wa shamba la kijiji, kabla mvua hazijaanza tena. Anasema wao ndio waliotuletea ugonjwa uliokuchukua. Walishushwa hapa na lori la serikali kutoka upande wa Magole, na wiki ileile watu wakaanza kuharisha. Watu wanahesabu hivyo tu. Lori limekuja, ugonjwa umekuja. Na kule mwisho wa shamba hakuna maji kabisa. Mtu mwenye mtoto mchanga kumpeleka kule ni kumwambia ondoka, ila umemwambia kwa adabu.

Mimi najua si wao. Najua kwa sababu ni mimi.

Nimeona nikuambie wewe kwanza.

Nianze na choo. Unajua sisi watoto wa kambini tulivyo. Baba kabila lake, mama kabila lake, jirani lake, kila mtu alikuja na mila yake kwenye mfuko na ukubwani tukawa hatuna hata moja iliyotimia. Nilipomwoa Zuhura nikaja kukaa kwenu, kama mlivyozoea nyie watu wa Vidunda, mume anamfuata mke kwao. Nikaogopa sana kukosea. Nikawauliza wanaume niliowakuta. Wakaniambia mama mkwe hutazamani naye, huli naye, na kamwe asikuone unashika njia ya choo. Sasa ninafikiri walikuwa wananitania pale mwisho. Lakini mimi hilo la mwisho ndilo nililolishika kuliko yote.

Halafu upande wenu mkateremshwa wote kuja huku bondeni kijiji kipya, na mimi nyuma yenu nimebeba vyungu. Redio ikaletwa. Ikasema kila nyumba ichimbe choo. Wewe ulikuwa wa kwanza, ukakichimba kwa mkono wako, na mtani wenu Mzee Lubinza akasimama ukingoni akakuambia, "Chimba, chimba, unafika kwenu Vidunda kwa chini." Ukamrushia udongo. Ukajichorea alama ya msalaba kwenye kadi ya vyoo, ile bwana afya aliyokuachia uandike nani amechimba.

Zuhura akasema sisi tutatumia hicho chako. Nikamwambia siwezi. Akasema basi chimba chako hapo uwanjani. Uwanjani wapi, Mama? Kila upande ungeniona ninakwenda. Mtu mwenye aibu kama yangu anaweza kushinda siku nzima amejizuia mpaka kichwa kinamuuma. Nikatafuta mahali pa kujificha. Pakapatikana mahali pamoja tu, kule kwenye matete, juu kidogo ya kisima. Yamesongamana, ukiingia huonekani. Nikachimba siku mbili mlipokuwa shamba la kijiji. Matete yanaota palipo na maji, hata mtoto anajua hilo, lakini mimi niliona matete tu. Maji sikuyaona.

Kwenye kadi hakikuandikwa. Kadi ilisema nyumba ya Rajabu na nyumba ya mama yake Zuhura wanatumia choo kimoja. Wewe uliandika hivyo kwa sababu Zuhura alikuambia hivyo, na Zuhura aliona haya kukuambia mumewe anakwenda kwenye matete.

Unaikumbuka ile Jumanne redio ilipokata? Yule bwana wa redioni alikuwa anasema choo kiwe mbali na kisima, na kisipungue hatua, halafu ikakoroma, ikanyamaza. Betri zimekufa. Mzee Lubinza akasema, "Kisipungue hatua moja na nusu, twendeni nyumbani." Watu wakacheka mpaka wengine wakajishika mbavu. Mimi nyuma ya ukuta nikacheka vilevile, kimya kimya. Wewe peke yako hukucheka. Nilisikia kiti chako kikilia.

Ulikwenda kwa miguu mpaka stesheni kumwomba bwana stesheni betri za tochi yake. Jumanne iliyofuata kabla ya kipindi ukafungua kile kitabu cha kikundi kilicholetwa pamoja na redio ukasoma mwenyewe. Ulisoma polepole, kidole kwenye mstari, nilikuwa naona kivuli cha kidole. "Choo kisipungue hatua thelathini kutoka kisimani." Ukasoma tena. Ukasoma mara ya tatu kwa sauti kubwa mpaka mbuzi akaitika. Halafu ukauliza lile swali lako la kila wiki, "Haya, tumesikia. Tunafanya lini?"

Mimi nikafikiri unamfokea Mzee Lubinza.

Lakini jioni nilikwenda nikapima. Nilianza kwenye mdomo wa kisima, nikahesabu mpaka kwenye matete. Kumi na nne. Nikarudia kwa hatua fupi, nikapata kumi na tisa. Nikarudia tena kwa hatua za mtoto mpaka nikaona haya mwenyewe, hakuna mtu pale ananidai jibu. Nikasema nitakihamisha. Lakini kukihamisha ni kuonekana, na kuonekana ni kuulizwa ulikuwa nacho tangu lini. Nikasema baada ya palizi. Palizi ikaisha, nikasema baada ya kuvuna.

Mwezi ule tukaenda Kidodi kwenye msiba wa baba mdogo, yule aliyekuwa anakata miwa. Tukarudi juu ya lori la miwa, na Mwajuma wetu amelala mapajani mwa mama yake, kumbe mtoto anaugua. Tulifika Jumatano, Alhamisi akaanza kuharisha. Wewe ndiye uliyemponya, Mama. Ulikaa naye kutwa na kile kikombe cha bati, unampa uji mwepesi wa chumvi, kijiko, unangoja, kijiko. Mimi nilikuwa nje naona mkono wako tu mlangoni. Nguo zake Zuhura akazifua, maji ya kufulia akayamwaga kule kwetu, kwenye matete. Ijumaa na Jumamosi mvua. Ile mvua kubwa iliyomega tuta la reli.

Na Jumamosi hiyohiyo jioni ndiyo lori la kina Yohana lilifika, wameloa, godoro linachuruzika maji. Wewe uliwapelekea moto.

Jumatatu wakaanza watoto wawili wa Mzee Lubinza. Jumanne wengine. Jumatano wewe.

Sikuingia ndani. Ulikuwa umelala humo na mimi nilisimama uwanjani, siwezi kuingia alipolala mkwe, tena anaumwa ugonjwa ule. Zuhura alikuwa anatoka na beseni, anaingia, anatoka. Alhamisi asubuhi akatoka akanitazama, hakusema "Mama amesema" wala nini. Akasema, "Kimbia."

Nilikimbia juu ya mataruma ya reli mpaka stesheni. Bwana stesheni akazungusha ile simu yake ya ukutani, akasema na hospitali ya Kilosa, halafu akanipa mimi ile ya kusemea. Sijawahi kushika simu. Sauti ya mwanamke ikatoka ndani, inauliza, nani anaumwa na anaumwa nini. Nikasema mama yangu mkwe. Ana homa. Mama, nilisema homa. Mdomo wenyewe ulikataa. Nitasemaje mkwe wangu anaharisha, na bwana wa watu amesimama pale ananisikiliza? Yule mwanamke akauliza, homa tu, kijana? Taratibu, kama mtu anayekupa kiti. Hakunifokea.

Nikaangalia ukuta. Simu haina macho. Nikaona ni kama ukuta wetu wa mabua, mtu yuko upande wa pili na hamtazamani. Nikasema anaharisha. Anaharisha maji tupu tangu jana, hawezi kukaa, na wako wengine. Akauliza wangapi, nikahesabu kwa majina. Akauliza maji wanachota wapi. Nikasema kisimani. Bwana stesheni alikuwa anatazama viatu vyake muda wote huo, namshukuru kwa hilo.

Wakamleta bwana afya kwa toroli la reli, na sanduku la dawa na zile chupa za maji ya kutia mshipani. Alifika saa nane. Wewe ulikuwa umeondoka saa saba.

Nimepiga hesabu mara nyingi ile homa niliyoisema ilipoteza dakika ngapi. Ni mbili labda. Dakika mbili zisingekurudisha. Ni zile wiki za palizi na kungoja kuvuna ndizo ninazodaiwa.

Wengine aliwawahi. Watoto wa Mzee Lubinza wamepona, wanakimbiza kuku wa watu kama kawaida. Tumekuzika wewe peke yako.

Nikusimulie mazishi, maana najua ungependa kujua nani alikuja. Walikuja wa Vidunda kwa miguu, wajomba zake Zuhura wote. Wa stesheni walikuja. Yohana na mkewe walisimama mbali, hawajui wasimame wapi. Na Mzee Lubinza, si mtani wenu yule, akatoka ndani amejifunga kanga yako, akakaa kwenye kiti chako na redio mapajani. Akanyoosha kidole kwa watu wote. "Nyamazeni nyie, mmesikia? Choo mmechimba? Wewe mwenye kitambi, choo umechimba?" Sauti yako kabisa. Zuhura akacheka analia. Halafu Mzee Lubinza akaigeuza redio, akaangalia mgongoni mahali pa betri, akashindwa kuendelea. Wakamtoa wakampeleka nyuma ya nyumba.

Bwana afya alitia dawa kisimani, ile ya unga mweupe inayonuka. Akauliza kama kuna choo karibu. Balozi akampa kadi yako. Akaisoma juu mpaka chini, akaona vyoo vyote viko mbali, akaandika kwenye karatasi yake, akapanda toroli akaenda. Aliiamini kadi. Ungekuwa wewe ungeinuka ungekwenda kuangalia, najua. Na mimi nilikuwa nimesimama karibu yake hivi, ningeweza kumshika mkono wa shati.

Kesho yake alfajiri nikakifukia kile choo. Nikapanda mgomba juu yake ili paonekane pamelimwa. Mama, ule mgomba umeshika vibaya. Una majani saba sasa, mapana, unapita migomba yote ya kijiji hiki. Mke wa Balozi ameniomba chipukizi.

Sasa nikuambie mengine yaliyobadilika. Kisima kimewekwa mfuniko wa mbao, watu wote walichangia nguvu. Wanachemsha maji, si wote, kuni zimekuwa za shida. Kikundi kimenipa mimi kutunza redio kwa sababu naishi hapa na siongei, wanasema mtu asiyeongea hamalizi betri. Mwajuma amejua kusema. Akishika kikombe chako cha bati anasema, "Haya, tumesikia," hasemi zaidi ya hapo, ndipo alipofikia. Arobaini yako tumesoma juzi. Zuhura anajikaza. Asubuhi anafagia uwanja wako kwanza halafu wake.

Redio waliponipa walinipa na kikapu chake, na chini kabisa, chini ya kitabu cha kikundi, nikakuta daftari lako. Sikujua ulikuwa unaandika wagonjwa. Kumbe bwana afya alikuwa amekufundisha, mtu akiugua andika jina, siku, na maji anayokunywa. Umechora mistari mitatu ya kusimama kwa kijiti cha mkaa ukanyoosha kwa rula ya mbao. Nimelisoma wiki nzima, neno kwa neno, kwa kidole kama wewe.

Mstari wa kwanza umeandika Mwajuma, Alhamisi, kisima. Mjukuu wako mwenyewe umemweka wa kwanza, hukumficha. Halafu wale watoto wa Mzee Lubinza. Mtoto mkubwa wa Yohana ni wa tano, Mama. Wa tano. Hakuleta ugonjwa, aliukuta hapa kwenye ndoo, alikunywa maji yetu siku tatu akaanguka. Na wale wote wanaochota kwenye tenki la stesheni hawamo kati ya wagonjwa, hata mmoja. Umewaandika pembeni, majina yao, na mbele yake umeandika wazima. Kila kitu kimo humo. Mtu mwenye macho anaona hapohapo ugonjwa ulikaa wapi na ulianza kwa nani, na umeanza kabla lori halijafika. Lakini daftari limekaa kikapuni chini ya redio, na juu yake watu wanapiga maneno ya lori.

Jina lako halimo. Mstari wa mwisho umeandika Jumatano, na maji umeandika kisima, na mahali pa jina pako wazi. Sijui kama kalamu ilikushinda.

Leo mchana, baada ya ile kamba, nilimwonyesha Zuhura daftari. Hakushangaa. Akakaa chini akaniambia jambo ambalo amelibeba miezi yote hii. Kwamba wewe ulikuwa unajua. Uliona njia yangu kwenye nyasi, nyasi zimelala kuelekea kwenye matete, na ukakiona choo. Ukamwambia, "Mwambie mwenzio ahamishe kile kitu." Na yeye akaona haya, hakuniambia. Ukamuuliza baada ya siku chache, umemwambia? Akainamia moto akaupuliza. Ukasema, basi nitamwambia mwenyewe, nitapitisha kitabuni.

Akaniambia siku ile ya hatua thelathini ulikigeuza kiti. Uliwapa mgongo kina mama wote wa kikundi, ukasoma umeelekea ukutani, mara tatu. Walifikiri unatafuta mwanga. Na kwamba mlipobaki wawili ulicheka ukasema, "Huyu kijana heshima yake imezidi, hata mimi inanichosha."

Nimekaa na neno hilo toka mchana. Kama ungenichungulia tu juu ya ukuta ukanitukana, Mama. Ukuta wenyewe unanifika kifuani. Lakini wewe nawe ulinistahi. Tulistahiana hivyo, wewe huku mimi kule, na kisima katikati.

Zuhura akaniuliza kitu kimoja tu. "Utasema wewe au niseme mimi?"

Sijui watanifanya nini. Hilo ndilo ninaloliogopa. Wajomba zake wa Vidunda wakisikia wanaweza kusema mtu huyu amemuua dada yetu, arudi kwao Kilosa. Na mtoto kwenu ni wa ukoo wa mama, hilo nalijua, niliambiwa siku ya kwanza na hilo halikuwa utani. Mwajuma atabaki hapa na mimi nitarudi kambini na jembe langu. Nimelifikiria sana. Asubuhi nilipokuwa nyuma ya banda nilikuwa nalifikiria hilohilo, ndiyo maana yule mama akapita na ndoo tupu na mimi nimeshika mpini.

Lakini na yeye ana mtoto mgongoni. Na juzi kwenye arobaini yako alileta kuni, akaziweka nje, akaondoka bila kula.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Kalamu yako nimeichonga. Kwenye kadi ya vyoo nimeandika chini, Rajabu, choo cha pili, kwenye matete, hatua kumi na nne, kimefukiwa, nikaweka mwezi wake. Jina lako nimeliandika kwenye ule mstari wa mwisho wa daftari. Jina lako kamili, Mama, Mwanahawa binti Shabani, na nilivyoliandika nilikuwa natazama pembeni kwa mazoea.

Nakuahidi daftari halitabaki chini ya redio. Kila Jumanne litasomwa kabla ya kipindi, na likijaa nitanunua jingine. Mtu akiugua nitakwenda mlangoni kwake nitauliza anaumwa nini, nitautaja ugonjwa kwa jina lake, hata akiwa nani. Kama nitabaki hapa. Nisipobaki, Zuhura anajua kuandika kuliko mimi, na kikombe cha bati kipo. Na choo kipya nimeshaanza kukichimba, upande wa barabara, hatua arobaini na mbili nzima za mtu mzima, kila mtu ananiona nikienda. Mzee Lubinza ameniona jana akaniambia, "Hatimaye bwana harusi ameoa choo." Sikukimbia. Nilimwambia shikamoo nikaendelea kuchimba.

Nasikia wameanza kuja. Hiyo ni sauti ya Balozi, anauliza nani amekaa na betri. Ziko hapa kwenye jiwe, nimezianika juani tangu saa sita ili zipate nguvu, zina moto mpaka nashindwa kuzishika. Yohana amekuja na mkewe, naona miguu yao chini ya ukuta, wamesimama wenyewe pembeni. Yule mama amerudi salama kutoka mtoni.

Niondoke sasa, Mama. Redio haiwezi kuanza bila mimi na nataka kusema kabla haijaanza, maana ikishaongea ile nitajificha nyuma yake kama nyuma ya ukuta. Barua hii naiweka ndani ya daftari lako. Kiti chako kipo katikati, hakuna aliyekikalia. Sitazunguka ukuta. Nimeona pale mchwa wamekula mabua, mtu anaweza kupita.

Shikamoo, Mama.